Mashine ya Kuchomelea Bodi ya Gari: Soma Namba Ndogo Kwanza

Mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea niliinunua kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni kwa maandishi makubwa: 200. Ampea mia mbili! Nikajua nimepata dude la kazi. Siku ya kwanza niliigusisha kwenye kiraka cha madigadi nilichokuwa nimekikata na kukilinganisha kwa karibu saa nzima. Ikalia paa, na mbele yangu pakabaki tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Nikajaribu kuliziba, likazaa la pili. Nikashusha moto hadi mwisho wa swichi, kingo za tundu zikazidi kurudi nyuma kama nailoni iliyosogezewa kiberiti. Kufika jioni nilihitaji kiraka kikubwa mara mbili ya kile cha asubuhi.

Nimenyoosha na kuchomelea bodi nyingi tangu siku ile, na mtu akinitaka ushauri wa mashine ya kutumia nyumbani, mimi humuuliza kwanza: hiyo unayoitazama inashuka hadi ampea ngapi?

Milango, madigadi, boneti na paa la gari la kawaida ni bati la milimita 0.6 hadi 1, mara nyingi karibu na 0.8. Hesabu tunayotumia mafundi ni kwamba chuma laini cha milimita 1 kinataka takriban ampea 40. Kwa bati la 0.8 basi unazungumzia ampea 30 na kitu. Mashine ambayo moto wake mdogo kabisa ni ampea 50 imeshakushinda kabla hujavaa glavu. Tafuta inayoshuka hadi 25 au 30, na ikifika huko moto utulie, usiwe wa kukohoa na kuzimika. Upande wa juu, 140 hadi 180 zinakutosha na chenji inabaki.

Kibandiko cha mashine huwa pia na asilimia inayowatisha wanunuzi. Ukiona asilimia 20 kwa ampea 140, maana yake katika kila dakika 10 unaweza kuchomelea dakika 2 kwa moto huo, kisha uiache ipoe. Anayetengeneza mageti ana haki ya kulalamika. Wewe wa bodi utachomelea nusu sekunde, utainua mkono, utahamia kwingine, tena kwa moto mdogo. Sijawahi kuona mashine ikizima kwa joto kwenye kiraka cha mlango, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Aina yenyewe ni MIG ya gesi, yaani ile inayosukuma waya wenyewe kwenye mshono huku gesi ikiukinga, na hapa sina ubishi mrefu. Mashine ya fimbo ni nzuri kwa chuma kinene, lakini chini ya milimita 2 inakuwa kamari. TIG, inayoyeyusha chuma kwa ncha ya tungsteni huku ukilisha waya kwa mkono mwingine, inatoa mshono laini unaogongeka vizuri kwa nyundo, ila inataka bati safi kama sahani, mikono miwili na subira ya mvuvi, jifunze baadaye. Inayowaponza wengi ni ile ya waya wenye unga ndani, isiyotumia gesi, kwa kuwa ni rahisi kubeba na haina mtungi. Waya wake hauwaki vizuri kwa moto mdogo, unarusha cheche nyingi na kuacha gamba la kukwangua. Kama ndiyo uwezo wako wa sasa, nunua inayokubali gesi pia, na uhakikishe ndani ina sehemu ya kugeuza chanya na hasi, maana waya wa unga huendeshwa kinyume na waya mtupu wa gesi.

Kwa bati, waya uwe wa milimita 0.6. Wa 0.8 ndio unaokuja na mashine nyingi, lakini unataka moto zaidi ili uyeyuke, na moto ndio tunaoukimbia. Gesi iwe mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, agoni ikiwa nyingi. Kaboni dioksidi tupu inafanya kazi, ila inachimba ndani zaidi na kutema cheche.

Kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote ni ubora wa kisukuma waya. Fungua kifuniko cha pembeni uangalie vile vigurudumu vinavyoubana waya. Vikiwa vimeshikiliwa na plastiki inayochezacheza ukiitikisa kwa kidole, rudisha kifuniko uende zako. Waya ukisitasita hata kidogo kwa ampea 30, moto nao unaruka, na wewe utajilaumu kwamba mkono wako ni mbaya. Mshono uliokaa sawa unalia mfululizo kama mafuta yanayokaanga. Ukisikia pa, pa, pa, waya unagonga bati kabla ya kuyeyuka: punguza mwendo wake au ongeza volti kidogo. Ndiyo maana napendelea mashine yenye kitufe cha kuzungusha volti polepole kuliko yenye swichi ya ngazi nne tu. Mara nyingi moto unaoutaka umekaa kati ya namba mbili.

Hata mashine bora haikuokoi na mshono mrefu. Bati likipata joto linavimba, likipoa linasinyaa na kuvuta jirani zake, na mlango uliokuwa bapa unageuka wimbi. Piga tone moja, hamia sentimita 3 mbele, piga jingine, kisha rudi kujaza katikati sehemu ikishapoa kiasi cha kushikika. Nyuma ya pengo weka kipande cha shaba: kinanyonya joto na chuma hakikigandi. Bila hivyo utamaliza kopo zima la pati, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi, ukificha mawimbi.

Mambo manne kabla ya kuwasha. Tenganisha betri, na kibano cha eathi kikae karibu na unapochomelea. Kwangua zinki, ule mpako wa kuzuia kutu, hadi chuma king'ae, kwa sababu moshi wake unaleta homa. Toa zulia na sponji ya upande wa pili, uweke ndoo ya maji na mtu wa kutazama. Na usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: ikikutana na moto wa kuchomelea inaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika vitani. Hili la nne nalisisitiza kuliko yote.

Nguzo za milango na mihimili ya kupokea kishindo cha ajali kwenye magari mapya usiziguse nyumbani. Nyingi ni chuma kigumu cha pekee, na joto lisilopimwa linakiondolea nguvu bila kuacha alama ya kuonekana.

Ukienda kununua, beba vipande viwili vya bati vilivyokatwa kwenye mlango uliotupwa, rangi ukiwa umeikwangua. Mwombe muuzaji awashe mashine kwa moto wake mdogo kabisa, upige matone matano. Kisha geuza bati. Nyuma ya kila tone panatakiwa kuwe na kijiuvimbe kidogo, ishara kwamba chuma kimeyeyuka hadi upande wa pili bila kutoboka. Kama nyuma hakuna uvimbe, bana vipande kwenye jiriwa ukunje. Tone litabanduka mbele ya macho ya muuzaji. Mimi siku hizi sitoi hela kabla ya kuona mgongo wa bati.