Banda la kuku nyumbani: dhana zinazoua kuku, na ukweli wake

Anayeanza kufuga kuku nyumbani huwa na hofu mbili: mwizi na baridi. Kwa hiyo banda lake la kwanza hufanana na stoo: ukuta mpaka juu, kufuli kubwa, na kidirisha kinachozibwa kwa gunia kila jioni. Baada ya miezi michache kuku wanakoroma, macho yanatoa machozi, na vifaranga wanapungua mmoja mmoja. Wanaomaliza kuku mara nyingi ni unyevu, tundu lililosahaulika chini ya ukuta, na kuku mgeni aliyechanganywa na wenzake siku ileile aliyonunuliwa.

“Ziba banda lote usiku, kuku wasipate baridi”

Joto la mwili wa kuku mkubwa ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na manyoya yake hulihifadhi vizuri. Hata baridi ya Njombe au Limuru huivumilia, mradi awe mkavu na upepo usimpige moja kwa moja. Hewa iliyotuama ndiyo inayomshinda. Kuku hutoa maji mengi kwa pumzi na kwa kinyesi. Yakikosa pa kutokea, matandazo hulowa, na kinyesi kilicholowa hutoa gesi ya amonia. Gesi hiyo huharibu utando wa njia ya hewa, ule unaozuia vijidudu visifike kwenye mapafu. Hapo mafua hayaishi hata ukibadilisha dawa kila wiki, maana chanzo kiko kwenye banda.

Kupima ni rahisi. Ingia alfajiri kabla hewa ya nje haijaingia, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku, kisha vuta pumzi. Ukisikia harufu kali inayowasha macho, hewa haitoshi. Chota matandazo uyafinye: yakibaki donge, yamelowa, yakiachana taratibu ukifungua kiganja, yako sawa, yakitimua vumbi, yamekauka kupita kiasi.

Ukuta mzito uishie futi 2 hadi 3, na juu yake uwe wavu mpaka kwenye paa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie moja kwa moja. Paa litokeze nje angalau sentimita 60, la sivyo mvua ya upepo italowesha kila kitu. Pazia la turubai lifungwe kwa chini na livutwe kwenda juu, likiacha nafasi wazi chini ya paa. Watu wengi hufanya kinyume: pazia linaning’inia kutoka juu, hewa chafu inabaki ndani, na upepo unapita chini pale walipo kuku. Matandazo ya maranda au pumba za mpunga yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10. Yageuze mara mbili kwa wiki na uondoe mabonge yanayozunguka chombo cha maji. Unga laini wa msumeno usiwatandikie vifaranga, kwani huudonoa wakidhani ni chakula.

Hesabu pia idadi. Kuku wakubwa 4 hadi 6 wanatosha kwa mita moja ya mraba. Ukiwajaza kupita hapo, hakuna dirisha litakaloliokoa banda.

“Vifaranga wanahitaji jiko la mkaa na chumba kilichofungwa”

Joto ni kweli wanalihitaji: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki hadi manyoya yaote. Lakini jiko la mkaa katika chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua vifaranga, na inamuua pia mtu anayelala humo kuwalinda. Acha tundu la hewa upande wa juu wa ukuta, mbali na vifaranga.

Walee ndani ya duara la maboksi magumu au hadibodi. Kipenyo cha mita 1.2 kinatosha vifaranga 50 kwa wiki ya kwanza. Duara lina maana yake, kwa sababu kwenye kona ndiko wanakorundikana na kukanyagana mpaka kufa. Kipimajoto kisipokuwepo, waangalie wenyewe: wakijikusanya chini ya chanzo cha joto, wana baridi; wakikimbilia pembeni huku wakihema midomo wazi, joto limezidi; wakitawanyika kote, wengine wakila na wengine wakilala, usiguse kitu.

“Wavu wa kuku unamzuia kila adui”

Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa huurarua, nyoka mwembamba na panya wadogo hupenya. Mita moja ya chini ya sehemu ya wavu weka wavu mgumu uliochomelewa, wa matundu ya nusu inchi. Wavu mwepesi ubaki juu.

Nguchiro na kicheche huchimba. Chimbia wavu sentimita 30 kwenda chini, kisha ukunje kuelekea nje sentimita nyingine 30 na ufukie. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akigonga wavu, ni nadra kurudi nyuma na kuanza upya mbali na ukuta. Kukagua matundu, ngoja giza: mmoja aingie na tochi, mwingine azunguke nje. Kila mwanga unapochungulia, pazibwe usiku huohuo.

Banda la miguu husaidia dhidi ya maji na nyoka, ila siafu hupanda nguzo bila shida, na kuku anayeatamia hakimbii gizani. Funga kila nguzo kitambaa kilicholowekwa oili chafu, na ukirudishe kwenye oili kikikauka. Ngazi iondolewe jioni na matawi yanayogusa paa yakatwe, maana njia moja tu inawatosha.

“Kifaranga akipakwa rangi, mwewe hamgusi”

Rangi si kizuizi cha kutegemea. Haina kazi kabisa kwa nguchiro, na Pwani yupo kunguru, yule aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka na sasa anawanyakua vifaranga mchana kweupe. Waweke kwenye tenga au kizimba chenye wavu juu kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo.

“Fito za kulalia ni anasa”

Kuku asiye na fito hulala kwenye matandazo yenye kinyesi au ndani ya viota, na mayai yanachafuka. Kila mmoja apate sentimita 15 hadi 20 za ufito wenye unene wa sentimita 4 hadi 5, uliolainishwa kingo. Ufito uwe juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani. Kwa chotara wazito ushushe, kwani kuruka kutoka juu huwaumiza nyayo, na kidonda cha wayo hupona kwa shida.

“Nimewapulizia dawa kuku, papasi wameisha”

Papasi na utitiri wengi mchana hawako kwenye kuku. Wamejificha kwenye nyufa za ukuta, viungo vya mbao na paa la nyasi, usiku wanatoka kunyonya damu. Ziba nyufa, ondoa fito uzichome kwa maji yanayochemka, na nyunyizia dawa banda lenyewe likiwa tupu.

“Majivu, pilipili na mwarobaini vinatosha kukinga kideri”

Majivu yanafaa kwa kuku kujigaragazia dhidi ya chawa. Kideri, yaani ugonjwa wa mdondo (Newcastle), husababishwa na kirusi na hakina tiba. Kinga ni chanjo. Ya I-2, inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa kwa tone moja la jicho, kifaranga kwa mkubwa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kinga hujengeka kwa takriban wiki 2, hivyo chanja kabla ya kiangazi kuanza, msimu ambao kideri huenea zaidi. Kumchanja anayeumwa tayari hakumwokoi. Chupa moja ina dozi nyingi, kwa hiyo mchangie na majirani mchanje siku moja.

Kuku wa mnadani, au aliyeletwa na mgeni kama zawadi, asiingie bandani. Kideri huweza kujificha siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo mtenge zaidi ya wiki 2 kwenye kizimba mbali na wenzake. Awe na chombo chake cha maji, na ahudumiwe wa mwisho kila siku. Viatu vya kumwendea viwe vingine.