Stika ya Murano haimtaji fundi

Muuzaji wa vioo vya zamani atakuonyesha rangi: zambarau imemezwa na kijani, kijani kimemezwa na kioo kisicho na rangi, na jua likipita humo unasahau kuuliza bei. Wewe omba kuona kitako. Nimekuwa nikinunua vyombo vya maua vya Kitaliano kwenye masoko ya mitumba ya Ulaya, na kila nilipopigwa ilikuwa ni kwa sababu nilisoma stika kabla ya kusoma kioo.

“Kina stika ya Murano, basi kinajulikana”

Murano ni kisiwa karibu na Venice, Italia, si kampuni. Mwaka 1291 wakuu wa Venice waliamuru matanuri ya vioo yahamie huko kwa kuogopa mji usiungue, na hadi karne ya 20 kisiwa hicho kidogo kilikuwa na majina ya viwanda chungu nzima: Salviati, Fratelli Toso, Barovier, Venini, Seguso, Cenedese, AVEM na wengine. Ile stika ndogo inayong'aa iliyoandikwa tu “Murano Glass, Made in Italy” ilibandikwa na wengi. Inakwambia bidhaa iliuzwa kama ya Murano. Jina la aliyeitengeneza halimo.

Na stika huhama. Chombo kimoja nilichonunua kilikuwa na stika safi kitakoni, nikafurahi. Nyumbani nikachukua lenzi. Mikwaruzo ya miaka mingi ya kusogezwa juu ya rafu ilikuwa imepita hadi chini ya stika, haikukatikia ukingoni mwake. Maana yake kioo kilizeeka kwanza, stika ikaja baadaye. Nimekiweka dirishani mpaka leo, kinapendeza, ila simtajii mtu jina.

Kuna pia alama rasmi ya “Vetro Artistico Murano”, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mkoa wa Veneto ya mwaka 1994. Ukiiona kwenye chombo unachoambiwa ni cha miaka ya 1950, mwulize muuzaji hesabu zake.

“Kioo chochote cha rangi kutoka Italia ni Murano”

Zile chupa ndefu za kijani au rangi ya kaharabu, zenye vifuniko vilivyochongoka kama mnara, nyingi ni za Empoli, kule Toscana, na zilipulizwa ndani ya kalibu. Vilevile kioo chenye rangi juu ya rangi kinaweza kuwa hakijawahi kukanyaga Italia: Bohemia, Japani na China wametengeneza vya kufanana.

Uzito na mlio husaidia kidogo. Kioo cha Murano kwa kawaida ni cha magadi, hakina madini ya risasi; hukaa laini kwa muda mrefu kikitoka motoni, ndiyo maana fundi anapata nafasi ya kukivuta masikio, majani na mabawa kabla hakijakauka. Kioo chenye risasi ni kizito zaidi na ukikigonga kinalia kama kengele. Kikilia hivyo, usiwe na haraka ya kusema Murano.

“Hakina sahihi, basi ni feki”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, tena pande zote mbili. Wanaacha kilicho halali kwa sababu hakina jina, kisha wanalipia jina lililochorwa juzi.

Viwanda vingi vya Murano havikutia sahihi. Vilibandika karatasi, karatasi ikaoshwa na sabuni ya jikoni, mambo yakaishia hapo. Venini ni tofauti, na inafaa kuitazama kwa karibu. Iliasisiwa mwaka 1921 na Paolo Venini, mwanasheria kutoka Milano, pamoja na Giacomo Cappellin, mfanyabiashara wa vitu vya kale. Kwa miaka mingi vyombo vyao vilipigwa muhuri wa asidi kitakoni: “venini murano”, au mistari mitatu yenye “ITALIA” chini. Muhuri huo hauna kina. Ukipitisha kucha hausikii kitu. Uelekeze kitako kwenye taa, kiinamishe, ndipo herufi zinajitokeza kama ukungu, mara nyingi nusu yake imeshafutika. Baadaye wakaanza kuchora kwa sindano “venini italia”, na baadaye tena wakaongeza tarakimu za mwaka.

Basi neno “Murano” lililokwaruzwa kwa mkono kwenye kitako, kwa mashine ndogo anayoweza kuinunua yeyote, halina uzito wowote. Tazama ndani ya mchoro wenyewe: ukiwa mweupe na una unga, huku mikwaruzo iliyouzunguka imejaa uchafu wa zamani, vitu hivyo viwili havina umri mmoja.

“Mtindo ndio jina”

Ukisikia “sommerso, basi ni Flavio Poli”, tabasamu tu. Poli alichorea kiwanda cha Seguso Vetri d'Arte vyombo vizuri mno vya namna hiyo, lakini sommerso, yaani kuzamisha rangi ndani ya kioo, ni ujuzi wa kisiwa kizima, mpaka kwenye visahani vya majivu ya sigara vya watalii. Vivyo hivyo na fazzoletto, yaani leso (ya mfukoni, si ile ya Mombasa): chombo chenye pembe zilizokunjamana kama kitambaa kilichodondoshwa. Kilianza Venini mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa mkono wa Fulvio Bianconi na Paolo Venini. Kikaigwa na majirani mara moja, na Venini wenyewe waliendelea kukitoa miongo iliyofuata. Kwa hiyo leso halali kabisa ya Venini inaweza kuwa changa kuliko mwenye nayo.

Tena mbunifu si mpulizaji. Carlo Scarpa, aliyefanya kazi Venini kuanzia 1932 hadi 1947, alikuwa msanifu majengo. Aliyesimama mbele ya tanuri alikuwa fundi kama Arturo Biasutto, aliyeitwa Boboli. Watu hulipia jina la kwanza. La pili halimo hata kwenye risiti.

Taa ya urujuanimno (UV)? Inaonyesha kemikali kama urani au manganizi ndani ya kioo. Kiwanda haikitaji. Mapovu nayo si dalili ya uzee. Napoleone Martinuzzi, mbunifu wa Venini, aliyatia makusudi miaka ya 1920.

“Shanga za bibi ni za Kiafrika”

Shanga nyingi za kioo zilizopitia Zanzibar kuelekea bara katika karne ya 19 zilitoka Venice. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton aliandika kuhusu zile ndogo nyekundu juu ya nyeupe, samesame, ambazo watu waliziita pia kimara-pamba, yaani zinazomaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake azipate. Shanga za aina hiyo hutengenezwa kwa kuvika kioo cheupe koti jekundu, kukivuta kiwe uzi mrefu wenye tundu, kisha kuukata vipande. Hazina stika wala sahihi, na aliyezivuta hatumjui. Majina yake ni ya waliozivaa.