Mfamasia Atoke Dirishani, Lakini Nani Abaki Dirishani?

Mgonjwa aliyelazwa humwona daktari kila asubuhi na muuguzi usiku na mchana. Mfamasia je? Mara nyingi humwona siku ya kuruhusiwa tu, tena kupitia dirisha la dawa, na pengine ndugu yake ndiye anayekwenda kupanga foleni. Famasia ya kliniki, yaani ile ya mfamasia anayefanya kazi wodini pamoja na madaktari, ilizaliwa ili kuubadili utaratibu huo. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilifungua huduma ya famasia kwenye ghorofa ya 9 ya hospitali yake, jirani kabisa na vitanda, ili mfamasia awe karibu wakati dawa inapoamuliwa na si baada ya kuandikwa.

Faida yake imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanyika katika wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali moja ya kufundishia mjini Boston, ulimweka mfamasia kwenye raundi ya asubuhi, madaktari wanapopita kuwaona wagonjwa. Madhara ya dawa yaliyotokana na makosa ya kuandika dawa, yale ambayo yangeweza kuzuilika, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa.

Kwa hiyo swali si kama huduma hii inafaa. Kinachoisumbua hospitali ni ratiba. Raundi hufanyika asubuhi, na asubuhi ndipo dirisha la dawa linapofurika. Ukimtuma mfamasia wodini bila kupanga nani anabaki, baada ya nusu saa ataitwa arudi kupunguza foleni, na huduma itakufa kimyakimya bila mtu kutangaza kuwa imekufa. Ninashauri uongozi uanzie hapo. Kuhesabu, kufungasha na kujaza makabati ya wodi ni kazi wanayoimudu vizuri wateknolojia wa dawa, mfamasia mmoja akibaki kuhakiki. Muda wa mfamasia wa wodini uandikwe kwenye ratiba ya zamu kama ulivyo muda wa daktari wa upasuaji, na asiguswe.

Wafamasia wakiwa wachache, wasitawanywe wodi zote. Afadhali wodi moja ihudumiwe kila siku kuliko wodi sita zitembelewe mara moja moja, maana madaktari hawawezi kumtegemea mtu wasiyejua atakuja lini. Ndani ya wodi hiyo nako kuna wa kuanza nao: wenye figo dhaifu, wanaotumia dawa nyingi kwa pamoja, watoto wachanga, na walio kwenye dawa ambazo kosa dogo huleta balaa, kama warfarini, insulini, digoksini au jentamisini.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 72, mwenye kilo 50, aliyepata damu iliyoganda mguuni. Ameandikiwa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 50 kila baada ya saa 12, yaani miligramu 1 kwa kilo, dozi ya kawaida kabisa. Kreatinini yake, taka ya mwili ambayo hupanda kwenye damu figo zikidhoofika, ni miligramu 1.6 kwa desilita. Ukiitazama haraka, imepanda kidogo tu. Lakini mfamasia akiweka umri na uzito kwenye kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ya kukadiria kazi ya figo, anapata uwezo wa figo wa takriban mililita 29.5 kwa dakika. Chini ya 30, dozi hiyo hutolewa mara moja kwa siku. Ikiachwa mara mbili, dawa hujilimbikiza na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Hesabu yenyewe ni ya dakika mbili, ila inahitaji mtu ambaye kazi yake asubuhi hiyo ni kuifanya.

Vipindi viwili havifai kuachiwa bahati: saa za kwanza baada ya kulazwa na saa ya kuruhusiwa. Mgonjwa akiingia, mfamasia aorodheshe kila alichokuwa akitumia nyumbani, zikiwemo dawa za mitishamba, kisha alinganishe na alichoandikiwa. Akitoka, iwe hivyo hivyo. Methotreksati ya baridi yabisi, kwa mfano, humezwa mara moja kwa wiki. Ikinakiliwa kwa bahati mbaya kuwa kila siku, inaweza kuua, na hilo limeshatokea katika nchi zaidi ya moja.

Halafu kuna kumbukumbu, sehemu ambayo wengi huiona ya kuchosha. Kila ushauri uandikwe kwenye faili la mgonjwa: tatizo ni lipi, mfamasia amependekeza nini, daktari amekubali au amekataa na kwa nini. Ushauri wa mdomo peke yake hupotea zamu inapobadilika. Nina tahadhari moja kwa wanaosimamia: msimpime mfamasia kwa wingi wa makosa aliyoyakamata. Wodi ikishazoea kurekebisha dozi kulingana na uwezo wa figo, idadi hiyo hushuka, na kushuka huko ndiko tunakokutafuta. Kinachofaa kuangaliwa kila mwezi ni makosa yanayojirudia. Kosa lilelile likionekana mara ya tatu kwa madaktari watatu tofauti, haitoshi tena kumpigia simu mwandikaji. Lipelekwe Kamati ya Dawa na Tiba, ambayo ina uwezo wa kubadili mwongozo wa hospitali, fomu ya kuandikia dawa, au hata kuondoa wodini chupa za kloridi ya potasiamu ambazo hazijazimuliwa.