Kwa nini kituko cha kwenye daladala hakichekeshi ukikisimulia nyumbani?

Juzi jioni nilipanda gari la Gongo la Mboto pale Kariakoo. Watu tele, mlangoni wamening'inia, na joto la Dar es Salaam mnalijua wenyewe. Tulipofika Tazara foleni ikagoma kabisa. Konda akaanza kupita akitingisha sarafu mkononi, maana kwenye daladala mlio wa sarafu ndio unaodai nauli. Akafika kwa mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kiti cha dirishani, kofia imemwangukia usoni. Akamgusa bega.

"Mzee wangu, nauli."

Mzee hakufumbua macho. Akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wanawe: "Nimeshamwachia mama yako. Nendeni shule, mnachelewa."

Kimya. Kisha konda, uso mkavu, akasema: "Baba, mama kasema hujaacha kitu."

Gari zima likaangua kicheko. Mama aliyepakata ndoo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Dereva akauliza kuna nini huko nyuma, watu watatu wakamsimulia kwa mpigo. Mzee akazinduka, akaelezwa alichosema, akacheka kuliko sote.

Nilifika nyumbani kicheko bado kiko kifuani. Nikamsimulia dada yangu neno kwa neno, hata sauti ya mzee nikaiiga. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Ehe, ikawaje?"

Kisa kilikuwa kimekwisha. Naamini nawe yamekukuta: jambo lililowavunja mbavu watu thelathini, ukilileta sebuleni linakuwa habari tu. Linapotelea wapi njiani?

Jibu linaanza na mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Provine. Watafiti wengi wa kicheko walizoea kuwaketisha watu chumbani na kuwaonyesha vichekesho. Yeye na wanafunzi wake walikwenda madukani na barabarani, wakatega sikio watu wanapozungumza, na kila mtu alipocheka wakaandika kilichosemwa kabla yake. Walikusanya vicheko 1,200. Maneno mengi yaliyotangulia kicheko hayakuwa na mzaha wowote, yalikuwa kama "haya, tutaonana baadaye." Yaliyokaribia kuwa kichekesho hayakufika asilimia 20. Aligundua pia kwamba mtu aliye na wenzake hucheka takriban mara 30 zaidi ya mtu aliye peke yake.

Sikiliza salamu za asubuhi kwa mama muuza chapati yeyote hapa mjini. "Umeamkaje?" "Nimeamka, si unaniona?" Wote wawili wanacheka. Yaandike maneno hayo kwenye karatasi umpe mtu asome, hatacheka. Kicheko chao kilikuwa kinasema: nimekuona, tuko vizuri, siku ianze. Dada yangu nilimpelekea maneno ya mzee. Watu waliokuwa ndani ya gari sikuweza kumpelekea.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba maneno ya mzee hayakuwa na kitu. Watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, waliandika mwaka 2010 kwamba jambo huchekesha pale linapovunja utaratibu tuliouzoea na papo hapo tukaona halina madhara. Yote mawili lazima yakutane. Mzee alileta nyumba yake ndani ya daladala: mama, watoto, hela ya shule, uchovu wa alfajiri. Huo ni utaratibu kuvunjika. Lakini abiria wote tulinyamaza kidogo kabla ya kucheka, na nadhani najua kwa nini. Tulikuwa tunamtazama konda. Kama angefoka, "Mzee, usinizingue, toa hela," kicheko kingefia palepale na kungekuwa na ugomvi. Yeye alikubali kuwa mtoto wa yule mzee kwa muda ule. Jibu lake ndilo lililotupa ruhusa, na kwangu mimi yeye ndiye msanii wa jioni ile.

Alijifunza wapi? Hapa nchi yetu ina utajiri ambao tunaupita kama hatuuoni, nao ni utani. Wazaramo wa huku pwani na Wanyamwezi ni watani, na wazee wengi hueleza kwamba utani huo ulizaliwa enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo. Mtani anaweza kuingia msibani, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai apewe hela ndipo kazi iendelee, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 juu ya mahusiano ya namna hii: mmoja anaruhusiwa, wakati mwingine anatakiwa, kumtania mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Nyumbani kwetu watu waliyaishi hayo muda mrefu kabla hayajaandikwa, na mwenye shaka ahudhurie msiba wenye watani.

Dar es Salaam ilipokusanya makabila yote kwenye mitaa yake, ruhusa ile haikubaki kwa makabila. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hadi leo tunaziita watani wa jadi. Pita Kariakoo asubuhi baada ya mechi yao. Mtu asiyekujua jina atakuuliza kama jana ulilala, na wewe unajua ni kuhusu magoli mangapi. Huwezi kumfanyia hivyo mgeni katika kila mji wa dunia. Hapa anakujibu, anakurudishia, mnaagana mkicheka.

Kicheko chenyewe nacho kinaambukiza, na hilo limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa London walionyesha kwamba mtu akisikia tu sauti ya kicheko, sehemu za ubongo zinazoandaa misuli ya uso huamka, kana kwamba mdomo unawekwa tayari kujiunga. Ndiyo maana waliokuwa nyuma kabisa ya gari letu walicheka kabla hawajajua kinachochekwa.

Tanzania inaujua uambukizo huu pia kwa sura yake ngumu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali ikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, na mimi huumia nikisikia hivyo, kwa sababu wale mabinti walikuwa wakilia na kuhangaika pia. Waliochunguza walikielezea kama mfadhaiko uliotoka mwilini kwa njia ya kicheko. Kwa hiyo kicheko kinaweza kusafiri bila furaha ndani yake. Cha kwenye gari letu kilikuwa na furaha, na mwili unaijua tofauti.

Unaijuaje? Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwapima watu wanavyostahimili maumivu kabla na baada ya kutazama vichekesho. Waliocheka hasa, kile kicheko cha tumboni, walistahimili zaidi kuliko walivyokuwa mwanzo. Miaka michache baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Turku, Finland, waliwapiga picha za ubongo wanaume 12 waliotoka kucheka na rafiki zao wa karibu, wakaona ubongo umemwaga kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Kemikali za jamii hiyo hiyo zinahusika na ukaribu baina ya watu.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu pale Tazara. Kabla ya kicheko kulikuwa na mwanafunzi amesimama na begi zito mgongoni, na kila gari likisogea linawapiga watu, watu wanamnunia. Baada ya kicheko, mama mwenye ndoo akanyoosha mkono: "Lete nikupakatie, mwanangu." Foleni haikuwa imesogea hata hatua moja.

Nalipenda basi la mwendokasi kwa sababu linaniwahisha, lakini nauli inamalizwa kituoni na ndani hakuna konda wa kukuita baba. Na siku hizi hata kwenye daladala nusu yetu tumeziba masikio kwa visikilizio vya simu. Kijana aliyekaa pembeni ya mzee alikuwa hivyo. Alituona sote tunacheka, akatoa kimoja sikioni, akauliza kumetokea nini. Nikamsimulia. Akatabasamu kwa adabu, kama dada yangu. Alikuwa amekaa kwa mzee bega kwa bega, na bado alikuwa amekikosa.

Sikioni hakukirudisha tena. Tulipofika Ukonga, kituo cha Mombasa, mzee akasema shusha. Konda akamshika mkono kumteremsha. "Baba, msalimie mama."

Saa mbili usiku ilikuwa imeshapita. Mzee akatengeneza kofia yake, akamtazama kwa ukali kabisa. "Na wewe bado hujaenda shule?"

Safari hii kijana wa pembeni ndiye aliyeanza kucheka.