Utafiti wa chuo ukifika sokoni, tunajuaje kama umefika?

Kila mwaka vyuo vinatoa ripoti, machapisho kadhaa, hataza kadhaa (hati za kumlinda mgunduzi), vijana waliopanda jukwaani MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya ubunifu, wakapewa cheti, halafu mwananchi anauliza swali la haki kabisa: hela ya utafiti imezaa nini? Kitu gani kimeuzwa, nani kaajiriwa? Sisi tunaofuatilia bunifu za vyuoni ndo tunadaiwa hilo jibu, na jibu lenyewe linategemea sana umehesabu nini, kwahiyo leo naomba tuongelee kuhesabu kwenyewe.

Hii kazi ya kuhesabu kwa sehemu kubwa imeanzia Marekani. Mpaka mwisho wa miaka ya 1970 serikali yao ilikuwa imeshikilia hataza kama 28,000 za ugunduzi uliolipiwa na hela ya umma, na zilizokuwa zimepewa kampuni kwa leseni, yaani ruhusa ya kuzitumia kibiashara, hazikufika asilimia 5, zilizobaki zote zimelala kabatini. Desemba 1980 ikapita sheria ya Bayh-Dole, chuo kikaruhusiwa kumiliki kilichogunduliwa kwa hela ya serikali, kukitoa kwa leseni, na mgunduzi apate mgao wake. Vyuo vikafungua ofisi za kushughulikia hayo mambo, na chama cha watu wa hizo ofisi kinaitwa AUTM kikaanza kukusanya takwimu za kila mwaka kuanzia mwaka wa fedha 1991. Wanauliza chuo kimetumia kiasi gani kwenye utafiti, watafiti wameleta taarifa ngapi za ugunduzi mpya, maombi mangapi ya hataza, leseni ngapi zimesainiwa, kampuni ngapi zimeanzishwa, hela kiasi gani imeingia, na bidhaa gani mpya imefika dukani.

Ukiiangalia vizuri hiyo orodha utaona ni hatua zinazofuatana, na kila hatua wengi wanaachwa njiani. Huku kwetu tunapenda kusimama kwenye hataza, tunapiga picha na cheti, tunaona tumemaliza, wakati hataza inasema tu kwamba kitu ni kipya na mwenyewe analindwa kwa miaka 20, haisemi popote kwamba kuna mtu atatoa hela mfukoni akinunue. Tena kuitunza kuna ada ya kila mwaka. Chuo chenye hataza 30 na leseni sifuri kimeonyesha gharama, matokeo bado.

Sasa tuje chuo cha Stanford, kulekule Marekani, maana pale mambo yanaonekana wazi. Mwaka 1973 Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa chuo kikuu cha California, San Francisco, walipata njia ya kukata na kuunganisha vinasaba, kitu ambacho ndo kimezaa dawa kibao za kisasa. Walikuwa wameshachapisha utafiti wao kabla ya kuomba hataza, kwahiyo nje ya Marekani haki ikawapotea moja kwa moja, Marekani yenyewe wakawahi kwa sababu sheria ya kule inampa mtu mwaka mmoja wa kuomba baada ya kuchapisha, na ombi likaingia wiki moja tu kabla muda haujaisha. (Wanafunzi na walimu, hapa msome mara mbili. Kabla hujaenda kwenye maonyesho au kongamano pitia kwanza ofisi ya chuo.) Hataza ikatoka 1980, na badala ya kumpa kampuni moja peke yake, Stanford ikafungua mlango kwa yeyote, mwanzoni ni dola 10,000 za kuingilia na angalau dola 10,000 kila mwaka. Hataza ikaisha 1997, na kwa jumla kampuni 468 zilichukua leseni na zikaingia kama dola milioni 255.

Google nayo ilitokea chuo hichohicho. Kampuni imeanzishwa 1998, chuo kikapewa hisa kwa kuwa kilimiliki hataza ya ule utaratibu wa kupanga kurasa, na hisa zikauzwa 2005 kwa dola milioni 336. Fikiria mtathmini angekuja 1999 na fomu yake, angeandika nini? Angekuta karibu hakuna kitu, na pengine angependekeza bajeti ipunguzwe. Ndo maana nasema kupima kwa mwaka mmoja mmoja kunaumiza, ugunduzi unaweza kuchukua miaka 7, 10 au hata zaidi ndo hela ionekane.

Na ikionekana inakuja kwa mkupuo kwa wachache sana. Chuo cha Emory mwaka 2005 kiliuza haki zake za mrabaha (yaani mgao wa mauzo) wa dawa ya emtricitabine kwa dola milioni 525, na hiyo dawa ndo iko ndani ya baadhi ya vidonge vya ARV vinavyogawiwa mpaka kwenye vituo vya afya huku kwetu. Weka hiyo namba kwenye wastani wa vyuo vyote uone, kila chuo kitaonekana tajiri wakati vingi mapato ya leseni hayalipi hata mishahara ya ofisi husika. Anayetaka ukweli aangalie chuo cha katikati, nusu juu yake nusu chini yake.

Kuna kesi moja ambayo mimi naona kila anayeandika viashiria aijue kabla hajaanza. Chuo cha Yale cha Marekani walikuwa na hataza ya stavudine, dawa ya ARV ambayo wengi mnaikumbuka kwa jina la d4T, wakaipa leseni kampuni ya Bristol-Myers Squibb na ikawaingizia mamilioni ya dola kila mwaka. Mwaka 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka wakaomba nakala za bei nafuu ziruhusiwe Afrika Kusini, wanafunzi wa Yale wakawasha moto, mgunduzi mwenyewe William Prusoff akaunga mkono, na Machi mwaka huo kampuni ikatangaza haitazuia, ikashusha na bei yake. Miaka iliyofuata vidonge vya mchanganyiko vyenye stavudine ndo vilianzishia matibabu watu wengi sana ukanda huu, mpaka mwaka 2009 WHO iliposhauri iachwe taratibu kwa ajili ya madhara yake. Ukipima kwa mrabaha tu, uamuzi wa 2001 unaandikwa kama hasara. Mimi siwezi kukubali kipimo kinachoita hiyo hasara.

Waingereza wamejaribu kupanua wigo. Dodoso lao linaitwa HE-BCI, linahesabu leseni lakini pia utafiti ulioagizwa na kampuni, ushauri elekezi, kozi fupi za wafanyakazi na kukodisha maabara, na ukiangalia hela, hayo mengine yanaizidi leseni kwa mbali. Nalipenda kwa kitu kimoja zaidi, kwenye kampuni zilizozaliwa chuoni wanauliza ngapi zimevuka miaka 3 na bado ziko hai, zimeajiri wangapi, zinauza kiasi gani.

Hapo ndo nataka tuanzie sisi. Maharage ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kama Rojo na Pesa yako mashambani, mkulima anatunza mbegu yake, anampa jirani, hakuna mrabaha unaorudi Morogoro, kwahiyo kwenye safu ya mapato inasomeka sifuri. Inabidi uende sokoni uulize magunia mangapi, uende na shambani uulize hekta ngapi. Chujio la maji la Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha lilishinda tuzo ya Africa Prize 2015, pauni 25,000, habari ikaandikwa kila mahali, ila tuzo siyo kipimo, kipimo ni vioski vingapi vinauza maji leo na ndoo ngapi kwa siku.

Kwahiyo kama uko kwenye bodi ya chuo au wewe ni mwandishi wa habari na ukaletewa ripoti, usiishie kuuliza hataza ngapi. Uliza ile kampuni iliyosajiliwa BRELA, kwa wasajili wa kampuni, miaka 3 iliyopita iko wapi, nani analipa na analipia nini. Ofisi nyingi hazina hilo jibu kwa sababu hakuna mtu aliyepangiwa kupiga simu, na kupanga mtu mmoja mwenye daftari na vocha hakuhitaji kusubiri sera mpya.