Laptopu ya gemu inachemsha na kujizima? Pima kabla hujanunua chochote

Dogo aliingia dukani kwangu Kariakoo mchana wa Februari, jasho linamtiririka, laptopu ameizungushia khanga ya mama yake. "Shikamoo fundi. Inajizima yenyewe. Dakika kumi tu ndani ya gemu, kimya." Fundi mwingine alishamwambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, na nyumbani walikuwa wameanza kuchangishana hela ya kubadilisha.

Nikamuuliza: ikizima, ukiiwasha papo hapo inawaka? Inawaka, akasema, ila inazima tena upesi. Ikiachwa ipoe ndiyo inadumu kidogo. Basi nikajua mazabodi haina kosa. Kilichoungua hakiponi kwa kupumzishwa.

Kujizima kwenyewe ni ulinzi. Prosesa, chipu ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ina kipimajoto chake ndani, na nyingi za Intel zinazowekwa kwenye laptopu za gemu zina ukomo wa nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo inapunguza kasi, ndiyo maana gemu huanza kukwamakwama kwanza. Joto likizidi kupanda, ulinzi uliomo ndani ya chipu unakata umeme bila kuiomba Windows ruhusa. Hupewi onyo lolote kwenye skrini. Ukichungulia kumbukumbu za Windows utakuta tukio limeandikwa Kernel-Power 41, na hapo ndipo watu wengi hupotea, wanadhani 41 ni jina la ugonjwa. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Hata umeme ukikatika na betri imekufa, itaandikwa hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kupima. Naweka programu ya HWiNFO, inayosoma joto na kasi ya feni, ni ya bure, naiambia iandike vipimo kwenye faili, kisha nafungua gemu naendelea na kazi nyingine. Mashine ikizima, naiwasha na kusoma mistari ya mwisho ya faili. Ya dogo ilionyesha prosesa nyuzi 99, 100, 100, kadi ya picha (chipu inayochora gemu) 86, na feni zinazunguka kwa nguvu zote. Kama ingezima ikiwa kwenye nyuzi 60, nisingegusa feni kabisa. Ningehamia kwenye chaja na betri. Laptopu hizi hula umeme mwingi, na mtu aliyepoteza chaja ya wati 180 akanunua ya wati 90 kwa sababu pini imeingia, asishangae mashine ikimgomea katikati ya mechi.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji programu: kiganja. Gemu likiwa limekolea, weka mkono kwenye matundu ya kutolea hewa. Feni zinapiga kelele lakini upepo unaotoka ni hafifu na wa moto? Njia imeziba. Upepo unatoka mwingi, tena wa baridi, huku prosesa iko 100? Hapo joto halifiki kwenye feni za kulitoa. Pesti, ule uji unaopakwa juu ya chipu kupitisha joto, imekauka, au bomba la shaba linalobeba joto halijakaa sawasawa juu ya chipu. Tofauti hii imeniokolea saa nyingi.

Ya dogo ilikuwa imeziba. Akaniuliza kwa nini nisipulize tu na blowa kwa nje kama alivyofanya jirani yake. Anayejua gari atanielewa haraka. Ndani kuna rejeta ndogo ya mapezi membamba, na feni inasukuma hewa kupitia hapo. Vumbi jingi halikai kwenye feni, linakwama kwenye mlango wa rejeta na kujisokota likawa zulia. Ukipuliza kwa nje, zulia linarudi nyuma kidogo, feni ikiwaka linarudi palepale. Halafu blowa inaizungusha feni kupita kiasi na kuiharibu beringi. Lazima ufungue, na feni uishike kwa kidole unapopuliza.

Nilizima, nikachomoa chaja, nikafungua kifuniko, na kabla ya yote nikachomoa waya wa betri kwenye bodi. Wanaoruka hatua hii ndio wanaonipatia wateja. Nilipotoa feni, zulia likatoka zima zima, unene wa kitambaa cha fulana, na ndani yake nyuzi nyekundu. Nikaitazama khanga, dogo akatazama pembeni. Alikuwa akichezea kitandani, khanga ameitandika chini ya mashine isimuunguze mapaja. Feni hizo huvuta hewa kwa chini.

Kwa kuwa nimeshafika ndani, pesti nayo nikabadilisha. Skrubu za bomba la shaba zina namba. Legeza kuanzia namba kubwa kurudi ndogo, kidogokidogo, na ukirudishia fuata namba kwenda juu. Safisha kwa isopropili ya asilimia 99, siyo pafyumu wala petroli (nimeona vyote). Chipu za laptopu hazina kofia ya chuma kama za mezani, hivyo mimi huitandaza pesti nyembamba ifunike uso wote. Kona ikibaki kavu ndiyo itakayochemka. Ukikuta kitu kinachong'aa kama zebaki, simama. Ni metali ya maji, ina galiamu, inapitisha umeme na inakula alumini. Siyo mahali pa kujifunzia.

Zile pedi laini za kupitisha joto juu ya memori za kadi ya picha pia zina vipimo vyake vya unene. Mwaka wangu wa pili kazini niliweka pedi za milimita 1.5 mahali pa milimita 1 kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Bomba likaning'inia juu ya prosesa bila kuigusa vizuri, mteja akarudi jioni ileile, mashine inachemsha kuliko alivyoileta. Nilimrudishia hela yake.

Gemu lilelile, dakika arobaini: prosesa 84, kadi ya picha 74. Ningekuwa na kiyoyozi ingeshuka zaidi, maana hewa ya kupozea ndiyo hii tunayovuta. Chumba kikiwa na nyuzi 32 usitegemee namba za mtu anayecheza kwenye nyuzi 20 huko Ulaya. Kwa hiyo nikamfungia gemu lisizidi fremu (picha) 60 kwa sekunde, na kwenye mpangilio wa umeme wa Windows nikashusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99. Asilimia moja inaonekana mzaha, lakini kwenye mashine nyingi inazuia ile kasi ya ziada, na joto linashuka hapohapo. Meza za kupozea zenye taa za rangi? Zinapendeza macho tu. Vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Akataka kuizungushia tena khanga aondoke, mashine bado inawaka. Nikaizima, nikampa boksi, khanga nikaikunja nikamwambia ampelekee mama.