Malaria hakuna, homa ipo palepale: tuongee kuhusu bakteria kwenye damu

Wadau habari zenu. Mie nafanya kazi maabara upande wa bakteria, na kuna jambo huku Tanga naona bado halijaeleweka vizuri. Mtoto anachemka, anapelekwa zahanati, anatobolewa kidole, kipimo cha malaria kinatoka hasi, mama anashukuru Mungu anambeba mgongoni anarudi zake Makorora. Kushukuru sio vibaya, ila kipimo kimejibu swali moja tu, malaria hakuna. Homa bado ipo na inatoka mahali.

Twendeni hapo Muheza. Kati ya mwaka 2006 na 2007 watafiti walichukua damu za watoto 3,639 waliolazwa na homa hospitali ya Teule wakazifanyia kalcha, yani damu inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria inasubiriwa kama kuna kitu kitaota. Watoto 341 walikutwa na maambukizi mazito ya bakteria, kama mmoja kwa kila 11. Sasa sikilizeni hii: waliokuwa na vimelea vya malaria, wenye bakteria walikuwa kama 5 kwa kila 100, na wale ambao malaria ilikuwa hasi walikuwa kama 17 kwa kila 100. Zaidi ya mara 3! Hao ni watoto waliokuwa wanaumwa kiasi cha kulazwa, kwa hiyo mwanao mwenye mafua anayecheza mpira usianze kumpeleka mbio usiku wa manane, lakini aliyelegea na kipimo ni hasi, huyo ndio wa kuogopa.

Bakteria aliyeongoza alikuwa salmonela, na sio yule wa taifodi, ni ndugu zake wengine ambao kwa mtu mwenye afya wanaleta tumbo la kuhara siku chache basi. Kwa watoto wetu wadogo anaingia kwenye damu, hasa mtoto mwenye utapiamlo, upungufu wa damu, VVU, au aliyetoka kuumwa malaria juzijuzi. Malaria inapasua chembe nyekundu za damu, na mwili ukiwa kwenye kazi ya kusafisha hayo mabaki, chembe nyeupe zinapungukiwa nguvu ya kuua salmonela. Ndio maana malaria ilivyopungua Muheza kati ya 2006 na 2010, bakteria kwenye damu za watoto nao wakapungua, na salmonela hasa ndio akashuka, wakati chanjo yake hakuna aliyewapa. Kwa hiyo ile neti uliyofungia bustani ya mchicha irudishe kitandani, inazuia zaidi ya malaria.

Hapa niseme kidogo kuhusu "taifodi na UTI" (UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo). Hapa mjini sijui kama kuna mtu mzima hajawahi kuambiwa anazo zote mbili siku moja. Kile kipimo cha Widal kinatafuta kinga za mwili, sio bakteria mwenyewe, na kinga zinaweza kubaki kutoka ugonjwa wa zamani au zikapanda kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo Widal moja peke yake haitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Lakini watu wanaandikiwa dozi, wanameza, homa ya kawaida ambayo ingeisha yenyewe inaisha, na dawa inapewa sifa.

Alafu tunakuja kwenye duka la dawa, na hapa ndipo mie huwa napata hasira kidogo mnisamehe. Mtoto ana homa tangu jumatatu, anapewa amoksilini iliyobaki ya kaka yake, jumatano ananunuliwa Flagyl, alhamisi jirani anasema jaribu azithromaisini ndio kiboko, ijumaa ndio anafika hospitali analegea. Tukichukua damu hapo kalcha mara nyingi haioti kitu, sio kwamba bakteria hayupo, ila zile dawa za nusunusu zimemzubaisha asiote kwenye chupa wakati ndani ya mtoto bado anaendelea, na daktari anabaki anatibu kwa kukisia. Na wanaobaki hai kwenye mwili ni wale waliozoea dawa. Hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2019 ilikadiria vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndio iliyoumia kuliko pote.

Sasa ujue vipi kwamba hii sio homa ya kusubiri? Angalia pumzi. Mvue shati mtoto akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa simu yako: chini ya miezi 2 pumzi 60 au zaidi ni hatari, miezi 2 mpaka 12 ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usihesabu tena, ondoka. Vilevile akigoma kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, mikono na miguu ikiwa ya baridi wakati tumbo linaunguza, haamki vizuri, shingo imekaza, au degedege. Na degedege jamani, najua huku kwetu ina maelezo yake mengi na wazee wana dawa zao za kufukiza, ila inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na kila saa inayopita huyo mtoto anapoteza. Kichanga cha chini ya miezi 2 chenyewe hata mwili kuwa wa baridi kuliko kawaida ni dalili.

Tukiwa kwenye vichanga, kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Bibi zetu tunawaheshimu sana lakini majivu, samli, mavi ya ng'ombe na dawa ya meno havina kazi pale, ndio njia ya pepopunda na bakteria wengine kuingia. Na mzazi aliyejifungua akipata homa ndani ya zile wiki 6, au uchafu unaotoka una harufu mbaya, asiambiwe ni maziwa yanajaa. Maambukizi baada ya uzazi yanaua haraka mno. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha na vifo vikashuka sana, na mpaka leo kuna watu wanakuja kumuona mzazi wanapokea mtoto mikono haijaona maji.

Chanjo nitapita haraka maana kadi ya kliniki inajieleza. Penta, ile sindano moja ya magonjwa matano, ilianza nchini 2009 na PCV13, ile ya nimonia, mwanzoni mwa 2013, zote wiki ya 6, 10 na 14, na ndani yake kuna kinga ya bakteria wakubwa wa nimonia na uti wa mgongo. Mwenye mtoto wa selimundu asikose hata moja, na aulizie penisilini ya kila siku, hawa wanahitaji kinga hiyo angalau mpaka wafike miaka 5. Vijana wa mashamba ya mkonge na wavuvi wanaochomwa na mwiba wa samaki taa, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi safi mwende mkaulizie sindano ya pepopunda siku hiyohiyo.

Ukifika hospitali sema ukweli wote wa dawa ulizompa, hata ya kienyeji, beba na makasha yake, tunataka kujua tunaanzia wapi na hatugombezi mtu. Na zahanati wakimchoma sindano ya kwanza wakakuandikia rufaa ya Bombo, hospitali yetu ya mkoa, nenda saa hiyohiyo hata kwa bodaboda. Ile sindano ni ya kumvusha njiani tu, kwa hiyo mtoto akichangamka mkifika Pongwe msigeuze.